Embu ni ya Mchana, Meru ni ya Usiku

"Niandike ngapi?"

Swali hilo nimeulizwa Embu, nikaulizwa Chuka, Nkubu na Maua, na kila mara ni kwa sauti ile ile ya upole, kalamu imeshatua juu ya kitabu cha risiti. Nimekula chapati mbili kwa ndengu, nimeshushia chai ya maziwa, na hesabu yote haifiki shilingi 200. Mama mwenye kibanda ameshanisoma kwa viatu na mkoba kwamba nakula kwa niaba ya ofisi fulani. Hongo hataki, wala haitoi. Anachotaka kujua ni karatasi iseme nini, maana uzoefu umemfundisha kwamba chakula alichonipakulia ni kimoja, na chakula kitakachomfikia mhasibu ni kingine.

Nimezunguka upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya miaka mingi nikiuza vitabu vya shule, na nimefikia kuamini kwamba msafiri wa kazi hachagui chakula chake. Anapovuta kiti na kuuliza kuna nini, mambo makubwa yameshaamuliwa. Umbali wa alikotoka umeamua atakula mlo gani. Aina ya fedha aliyopewa imeamua ataingia mlango upi. Watu atakaoketi nao wameamua atakula kiasi gani. Ladha huja mwisho, ikipata nafasi.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Huku bara hoteli ni mahali pa kula kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mwulize mtu wa Embu hoteli nzuri iko wapi, naye atakuuliza unataka kula au kulala. Pa kulala ni lojing, hata pakiwa na maua mlangoni na televisheni ukutani. Chini ya hoteli kuna kibanda, na juu yake kuna zile zenye kumbi za mikutano, ambazo majina yake huandikwa kwenye barua za mialiko. Msafiri wa kazi huishi akipanda na kushuka ngazi hiyo, na kinachompandisha au kumshusha mara nyingi si njaa.

Embu iko kama kilomita 130 kutoka Nairobi. Meru ni zaidi ya 220 ukipitia Embu na Chuka. Ukitazama ramani utadhani ni tofauti ndogo, lakini kwenye meza ya chakula ni kubwa mno. Anayeondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuwa kwenye ofisi yake ya kwanza Embu saa tatu, akamaliza shughuli, na usiku akalala kitandani kwake. Mwajiri anajua hivyo, ndiyo maana humpa hela ya chakula cha mchana tu. Meru haiendeki namna hiyo. Baada ya Runyenjes barabara inateremka na kupanda mabonde, Thuchi, Nithi, Mutonga, na hakuna dereva mwenye busara anayetaka kulikabili daraja la Nithi gizani huku usingizi ukimvuta. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Kwa hiyo mtu wa kazi hulala Meru, na anayelala hula chajio na kifungua kinywa.

Ndiyo sababu miji hii miwili ina tabia tofauti kabisa za mapishi. Saa saba mchana hoteli za Embu ni kama kituo cha mabasi. Chakula kimeshaiva tangu saa tano, mhudumu anabeba sahani nne kwa mikono miwili, na swali ni moja tu: wali, chapati au ugali? Hakuna anayekaanga kitu upya kwa ajili yako, maana hata wewe huna muda. Saa mbili usiku nyingi za hoteli hizo hizo zimeshapandisha viti juu ya meza. Meru, saa saba, utakula vizuri tu, lakini mji wenyewe hauamki kwa chakula mpaka jioni, pale mtaa wa Makutano unapowasha taa, moshi wa nyama unapotanda, na magari yenye nambari za serikali na nembo za mashirika yanapoanza kutafuta maegesho.

Embu haikuwa hivyo zamani. Mpaka 2013 ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa ulioanzia Ukambani ukaenda hadi Moyale mpakani mwa Ethiopia. Mwalimu wa Marsabit mwenye tatizo la cheo, au karani wa Kitui mwenye faili isiyosonga, alilazimika kuifuata Embu, na aliyetoka mbali kiasi hicho hakurudi siku hiyo. Ugatuzi ulipokuja, faili nyingi ziligawanyika kwenda kaunti 8. Embu ikapata serikali yake ya kaunti, na chuo kikuu kilichopewa hati yake 2016 kikaleta wanafunzi na wahadhiri wageni. Lakini mgeni wa kulala, yule wa mbali mwenye faili, alipungua. Meru nayo ikapata gavana, bunge la kaunti, na foleni ya watu wanaotaka kuonana na wote wawili. Sasa barabara ya njia mbili ya kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua inaifupisha safari ya Nairobi mpaka ile Makutano nyingine, njia panda ya kwenda Embu. Sitashangaa ikifika siku ambapo hata ule mlo wa saa saba wa Embu utaliwa Mwea, kando ya mashamba ya mpunga, ambako tayari watu wengi husimama kwa sababu wali wa pishori unanukia mpaka barabarani.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo penye mzizi wa swali la yule mama.

Mfanyakazi aliye safarini hulishwa kwa njia ya posho ya siku, au kwa fedha za kutolewa hesabu, au kwa kulipiwa kila kitu kwenye semina. Posho ni rahisi kueleza. Serikalini viwango vyake huongozwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu, iliyoundwa chini ya Katiba ya 2010, na hutegemea cheo cha mtu na mji anaokwenda. Ukishapewa, ni yako. Kula kuku au lala na njaa, hakuna atakayekuuliza. Sheria ya kodi nayo kwa miaka mingi ilizihesabu shilingi 2,000 za kwanza za kila siku kuwa ni gharama anazorudishiwa mfanyakazi, si mapato, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikakipandisha kiwango hicho hadi 10,000. Matokeo yake utayaona vibandani. Nimemkuta afisa mwenye cheo kirefu ameinamia bakuli la githeri nyuma ya soko la Gakoromone, Meru, tai ameitupa begani isichovye mchuzi, na jioni ile analala kwa shemeji yake Nchiru. Kinachobaki kinakwenda kwenye karo na mabati.

Wapo wanaolaani tabia hiyo, na kweli ina ubaya wake: mtu akizoea kuvuna kwenye posho atazua safari zisizo na kazi ndani yake. Ila nikitazama upande wa anayepika, naona jambo jingine. Posho isiyodaiwa risiti ndiyo fedha ya umma inayomfikia mama wa kibanda moja kwa moja, bila zabuni wala fomu, ikiwa bado moto kutoka mfukoni. Mwenye posho hula anapopataka kwa bei anayoitaka. Kati ya wasafiri wote wa kazi, ni yeye pekee anayekaribia kuchagua.

Fedha za kutolewa hesabu ni habari nyingine. Serikalini huitwa masurufu, na kanuni za fedha za umma za 2015 zinamtaka aliyeyachukua kwa safari ayatolee hesabu ndani ya siku 7 za kazi tangu arudi kituoni. Kampuni na mashirika yana taratibu zao, lakini wimbo ni mmoja: leta risiti. Tuseme ofisi inakuruhusu kula mpaka shilingi 1,500. Ukila ndengu za 180 na kusema ukweli, hupati kitu, na pengine utaulizwa kwa nini huna karatasi yenye mhuri. Ukiingia kwenye hoteli yenye zulia ukala za 1,400, kila kitu ni safi, na mhasibu hatainua hata jicho. Mpango wote umeundwa ili ukweli uwe ghali. Kibanda hakiwezi kushindana na zulia kwa namna yoyote isipokuwa moja, nayo ni kuikopesha karatasi yake. Kwa hiyo mama anauza bidhaa mbili: chakula kwa bei ya soko, na risiti kwa bei utakayoitaja.

Simtetei. Ni udanganyifu, na fedha hizo zina mwenyewe. Lakini nimeona semina nyingi za maadili zikiwasema wanaojaza risiti, na sijahudhuria hata moja iliyomwuliza aliyeandika sheria ya risiti alitegemea mtu ale wapi huko Kianjai.

Kisha ukaja eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 1, 2024, Mamlaka ya Mapato ya Kenya haikubali kampuni ipunguze kodi kwa gharama isiyo na ankara ya kielektroniki. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilituandikia barua ya aya mbili: risiti za mkono hazipokelewi tena. Kwa aya hizo mbili, kila kibanda kati ya Embu na Maua kilifutika kwenye ramani yetu. Nilikuwa na mahali pangu Chuka, karibu na stendi, pa kula matumbo na ugali, na mwenyewe alinijua mpaka akaacha kuniuliza. Nikawa nampita nikielekea kwenye hoteli yenye mashine, nikimpungia mkono kama mtu mwenye deni. Mwishoni mwa mwaka huo sheria ililegezwa ili mnunuzi aweze kumtengenezea ankara mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5. Ni nia njema. Bado nasubiri kumwona mtu wa mauzo ameketi mbele ya sahani ya githeri akimtengenezea mama ankara kwa simu huku mchuzi ukiganda.

M-Pesa, ambayo tangu 2007 imeubadilisha mfuko wa Mkenya, ingeweza kuwa suluhisho, kwa sababu ujumbe wake unaonyesha kiasi, saa na jina. Shida iko kwenye jina. Nambari ya malipo ya hoteli mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mwana, au la biashara iliyokuwa hapo kabla. Nimewahi kulazimika kueleza ofisini kwa nini rosti ya mbuzi niliinunua kwenye duka la misumari na rangi.

Kwenye hoteli yenye zulia risiti ni ndefu na ina mafunzo yake. Kuna asilimia 16 ya VAT, na kuna asilimia 2 ya ushuru wa utalii inayokwenda kwenye Hazina ya Utalii, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kukichangia Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi 1975. Yaani anayekula kwenye kitambaa cheupe anachangia kumfundisha mhudumu namna ya kukitandika kitambaa cheupe. Mhudumu wa kibandani alifundishwa na shangazi yake, na kwa maoni yangu shangazi hana mpinzani.

Ya semina nitaisema kwa kuisikitikia, kwa kuwa ndiyo inayolisha watu wengi zaidi na kuwalisha vibaya zaidi. Si kwamba chakula ni kibichi au kichafu. Ni kwamba ni kile kile. Ukiingia kwenye bafe ya semina Embu, kisha wiki ya pili Meru, kisha Machakos, utakuta mstari ule ule wa vyungu vya bati: wali, viazi vya kukaanga, chapati zilizokatwa nne, kuku, ng'ombe wa mchuzi, kabeji, na mwishoni kabisa, karibu na matunda, mukimo umekaa kama mzee aliyealikwa harusini kwa heshima tu. Waliojifungia humo siku tatu wakijadili kilimo cha Meru wanaweza kuondoka bila kugusa kitu kilichotoka kwenye shamba la Meru, isipokuwa maziwa.

Na mashamba yenyewe yako mlangoni. Watu wa Imenti wana nkima, ndizi na viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya kijani, chakula kinachomshibisha mtu wa kazi mpaka jioni. Kuna njahi. Ukiteremka Mbeere na Tharaka, kwenye joto, unakuta mtama, mawele, ndengu, mbaazi na muthokoi, mahindi yaliyotolewa maganda ambayo Wakamba nao hudai ni yao. Kuna uji uliochachuka, ucuru, ambao kibuyu chake kimoja kina nguvu kuliko chupa tatu za soda. Ni chakula kizuri, cha bei nafuu, na kinachowafaa wale wenzangu ambao daktari ameshawaambia wapunguze mafuta na sukari, nao si wachache, maana miaka kumi ya chapati za barabarani haimwachi mtu salama. Lakini kwenye menyu hakimo, au kimo siku moja tu kwa wiki.

Kuna mlango mmoja ambao chakula hicho kimepenya, nao ni chai ya saa nne. Kwenye sinia la semina sasa utaona nduma zilizochemshwa, viazi vitamu na mahindi vikiwa kando ya mandazi na soseji, na hivyo ndivyo vinavyokwisha kwanza. Nduma, mmea wa bondeni uliokuwa chakula cha nyumbani cha watu wa kando ya mito, leo huliwa kwa uma na wakurugenzi. Nina hakika ingekuwa kwenye bafe ya mchana ingedharauliwa. Saa nne inakubalika kwa kuwa pale inaitwa afya.

Kahawa haijapata bahati hiyo. Embu na Meru ni kati ya sehemu za kwanza ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kulima kahawa, katika miaka ya 1930, wakati kwingine lilikuwa zao la walowezi. Fedha ya kahawa ndiyo iliyojenga shule nyingi ninazozitembelea. Lakini agiza kahawa kwenye hoteli ya kawaida popote kati ya Runyenjes na Nkubu, nawe utaletewa kikombe cha maziwa moto na kijikaratasi cha unga uliotengenezwa mbali. Kuna wanaokwenda huko kukagua viwanda vya kahawa na kurudi Nairobi wakiwa wamekunywa chai mchana kutwa. Chai angalau ina haki ya kuwapo: viwanda vyake vya Mungania na Rukuriri viko hapo Embu, cha Weru upande wa Chuka, vya Imenti na Githongo Meru, na maziwa ya milima hii ni mazito.

Nimejiuliza kwa nini hoteli inaona haya kupika cha nyumbani, na nadhani jibu liko kwenye chimbuko lake. Enzi za ukoloni kulikuwa na hoteli za wazungu, ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Pig and Whistle ya Meru ni ya enzi hizo. Izaak Walton ya Embu imebeba jina la Mwingereza wa karne ya 17 aliyetunga kitabu maarufu juu ya uvuvi wa ndoano, kwa kuwa mito ya mlimani ilipandikizwa samaki aina ya trauti ili mabwana wapate kuvua. Karani, askari na dereva Mwafrika walikula wapi? Majengo. Miji mingi ya bara ilikuwa na Majengo yake, mtaa wa Waswahili na Waislamu wengine waliofika na misafara, biashara na jeshi, na huko ndiko kulikouzwa chai, mandazi, chapati na pilau kwa mtu asiye na mke wala jiko mjini hapo. Hoteli ilizaliwa kumlisha mgeni vyakula vya wageni. Cha nyumbani kililiwa nyumbani, na aliyekipika hakulipwa. Mpaka leo, mtu wa Meru akiuziwa nkima hotelini kuna sauti ndani yake inayomwambia kwamba amelipia kitu cha mama.

Usiku wa Meru una sheria zake, na sheria ya kwanza ni kilo. Nyama haiagizwi kwa sahani, inaagizwa kwa uzito, mbele ya bucha, ukinyoosha kidole kwenye paja unalolitaka. Mbuzi wengi hutoka chini kwenye joto, Isiolo na Tharaka, na ni watamu kwa kuwa wametembea. Ukishachagua, unasubiri karibu saa nzima, na katika saa hiyo ndipo kazi halisi ya safari inapofanyika. Mikataba mingi ya vitabu niliyoipata Meru iliandaliwa kati ya kupimwa kwa nyama na kufika kwake kwenye ubao na kachumbari. Choma ni chakula cha kikundi. Ndiyo maana aliye peke yake hupata tabu: nusu kilo ni nyingi, robo inaonekana ni uchoyo, na mchomaji mwenyewe atakutazama kwa huruma.

Kwa mwanamke aliye safarini tabu hiyo ni mara mbili. Wenzangu wa kike kwenye kazi hii wamenieleza jambo ambalo sikuliona kwa miaka, ingawa lilikuwa mezani pangu. Mwanamume anayekula peke yake Makutano saa mbili usiku ni mtu wa kazi. Mwanamke anayekula peke yake mahali hapo, saa hiyo, kuna atakayejikaribisha kwenye kiti cha pili akidhani anasubiriwa. Kwa hiyo wengi hula saa kumi na mbili jioni, kabla muziki haujaanza, au hununua maziwa ya mgando, mkate na ndizi na kula chumbani huku mlango umefungwa kwa komeo. Wakirudi ofisini hutoa hesabu ndogo, na mhasibu huwasifu kwa kubana matumizi.

Maua, juu kule Igembe, ina saa nyingine kabisa. Miraa huchumwa asubuhi, hufungwa, na magari yake lazima yawahi Nairobi. Mji hula kwa mwendo huo. Anayetafuna naye hana haja na sahani, anataka soda, njugu na chai nyeusi, na njaa yake humjia usiku wa manane wakati jiko limepoa. Afisa wa mkopo au muuza dawa anayekwenda hospitali ya Wamethodisti ya Maua akichelewa mlo wa mchana atakula chochote kilichosalia. Uingereza ilipoipiga miraa marufuku 2014, na Somalia ilipofunga soko lake kutoka Machi 2020 hadi Julai 2022, fedha ilikauka mitaani, na hoteli ni miongoni mwa wa kwanza kulisikia hilo, kwa sababu mtu hukata nyama kabla hajakata sukari.

Yote haya ni ya mjini. Ukitoka kwenye lami kuna namna ya kula isiyo na bei, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko risiti zote. Ni chakula cha mwenyeji. Ukifika shuleni kwa kazi, mwalimu mkuu hatakubali uondoke tumbo tupu. Chai itakuja na mkate, kisha kuku wa kienyeji aliyechinjwa asubuhi ulipopiga simu, kisha wali. Kukataa ni kumtukana. Mimi ni muuza vitabu tu, madhara yangu ni madogo. Lakini nimekaa meza moja na wakaguzi waliokuja kukagua vitabu vya hesabu vya shule hiyo hiyo, wakila kuku aliyenunuliwa kwa fedha za shule hiyo hiyo, na mhasibu wa shule akiwaongezea mchuzi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, iliyofutwa 2025, ilizungumzia zawadi, na kuku ni zawadi kwa tafsiri yoyote ile. Ila sheria haikuandikwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu wa Mbeere saa nane mchana, kilomita ishirini kutoka kwenye kibanda cha karibu, akiambiwa "karibu, mwalimu, ni kidogo tu." Kama waajiri wangetaka hilo likome wangewapa wakaguzi chakula cha kubeba. Sijasikia ofisi iliyofanya hivyo.

Huko Siakago, Kiritiri na Ishiara mgeni mjanja huijua kalenda ya soko kabla ya kupanga safari. Siku ya soko kuna nyama, kuna ndengu, kuna uji. Siku isiyo ya soko kuna mandazi ya jana.

Anayekula vizuri kuliko sote ni dereva wa matatu. Gari likisimama kwenye hoteli ya njiani abiria hushuka kwenye foleni, naye hupitia upande, akaketi kwenye meza iliyo karibu na jiko, na sahani yake hufika bila kuagizwa: nyama isiyo na mfupa, ugali moto, na hakuna bili. Ni malipo yake kwa kuwaleta wengine. Sisi kumi na wanne tunadhani tulisimama hapo kwa sababu ya njaa yetu.

Juzi nilipita Chuka tena. Yule wa matumbo na ugali bado yupo, na ubao wake umepakwa rangi upya. Nilipomaliza kula nilimsubiri aniulize swali letu la zamani, lakini alitoa simu, akavaa miwani, akasema, "Bosi, nipe PIN ya kampuni yenu." Mjukuu alimsajili. Ankara ilinifikia kabla sijanawa mikono: shilingi 180, hata senti moja zaidi hakuna. Mhasibu aliipokea bila neno. Kisha akanipa fomu ya kurudisha salio la 1,320, yenye kurasa tatu, na sehemu ya kueleza kwa nini fedha zilizotengewa chakula hazikutumika.